Waliobadili mbinu michezoni walifanya nini hasa hadi wakakubaliwa? Ninatafuta somo la kutetea wazo langu mbele ya wawekezaji

MwanaIlula aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Nimekulia Ilula, mkoani Iringa, ambako kwa familia nyingi nyanya ndiyo ada ya shule na ndiyo bati la nyumba. Tangu utoto nimeona nyanya zikijazwa kwenye matenga, zikipandishwa kwenye lori, na zikifika Dar es Salaam zile za chini zimepondwa na uzito wa zile za juu. Mwaka jana nilinunua kreti 40 za plastiki kwa akiba yangu na kusafirisha mzigo wa baba mdogo mara tatu kwa gari la kukodi, na mara zote tatu nyanya zilifika nzima, hata mnunuzi aliyezoea kushusha bei kwa kisingizio cha zilizopondeka akakosa la kusema. Wazo langu ni kuwakodishia wakulima kreti hizo kwa kila safari, kisha kuzikusanya sokoni na kuzirudisha shambani.

Nimeliwasilisha wazo hili mbele ya majopo mawili. Jopo la kwanza liliniambia kwamba kama jambo hilo lingekuwa na faida, wafanyabiashara wakubwa wangekuwa wameshalifanya. La pili lilisifu picha zangu, kisha likaniambia nirudi mwakani. Rafiki yangu mmoja amenishauri nisome habari za wanamichezo walioleta mbinu mpya wakapingwa, na hatimaye wakashinda. Nimesoma kadhaa, lakini nyingi huishia kwenye maneno ya kutia moyo, nami moyo ninao. Ninachoomba kutoka kwa wanaoifahamu michezo, au biashara, au vyote viwili, ni maelezo ya hatua: watu hao walimwonyesha nani, lini, na kwa kipimo gani, hadi waliowapinga wakageuka?

Mwalimu wa Michezo alijibu:

Mdogo wangu, nimefundisha riadha shuleni kwa miaka mingi, na mfano ambao ningependa uutazame kwa makini ni wa Dick Fosbury, Mmarekani aliyeshinda medali ya dhahabu ya kuruka juu katika Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968 kwa kuupita ufito kinyumenyume, mgongo ukiwa chini na uso ukitazama angani. Habari yake husimuliwa kana kwamba aliamka siku moja na wazo kubwa, dunia ikamcheka, kisha akaishinda dunia. Haikuwa hivyo, na pale inapotofautiana na masimulizi ndipo penye faida kwako.

Kwanza, alianza kwa kushindwa. Akiwa kijana wa shule huko Medford, Oregon, alifundishwa mtindo uliotawala wakati huo, wa kuupita ufito kifudifudi, na haukumkaa mwilini kabisa. Akaomba arudi kwenye mtindo wa kizamani wa mkasi, ambao mrukaji hupitisha mguu mmoja baada ya mwingine akiwa kama amekaa. Katika mashindano ya mwaka 1963, kila ufito ulipopandishwa alilazimika kuinua nyonga zaidi, na ili nyonga ziinuke mabega yakalala nyuma. Mtindo wake ulizaliwa hapo, mruko kwa mruko, kutokana na tatizo lililokuwa mbele ya macho yake, wala hakuna aliyekaa mezani akauchora kwanza. Ninakwambia haya kwa sababu wewe pia hukuanza na kreti, bali ulianza na nyanya zilizopondeka. Nina wasiwasi kwamba mbele ya majopo ulianza na kreti.

Pili, kulikuwa na godoro. Zamani warukaji waliangukia mchanga au maranda ya mbao, na mtu mwenye akili zake hakuweza kuangukia mgongo kutoka juu ya mita mbili mahali kama hapo. Katika miaka ya 1960 magodoro ya sponji yalianza kuenea katika shule na vyuo vya Marekani, na ghafla namna ya kutua ikaacha kuwa hoja. Kwa hiyo jopo likikuuliza kwa nini wakubwa hawajalifanya jambo lako, usilichukulie swali hilo kama tusi. Linataka jibu, na jibu lake ni kitu kilichobadilika: ni nini kilichopo leo ambacho miaka kumi iliyopita hakikuwepo? Kama hujui godoro lako ni lipi, hilo jopo halikukosea kusita.

Tatu, na hapa nitakaa kidogo, Fosbury hakumwomba kocha wake akubaliane naye. Alipoingia Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon, kocha Berny Wagner alitaka ajifunze mtindo wa kawaida, naye akaendelea kuufanyia mazoezi huku akiruhusiwa kutumia mtindo wake siku ya mashindano. Msimu wa pili ulipoanza, aliruka mita 2.08 na kuvunja rekodi ya chuo. Ubishi ukaisha. Kanuni za mchezo huo zinadai mrukaji aondoke ardhini kwa mguu mmoja na asiuangushe ufito, na hazisemi lolote kuhusu mgongo wala tumbo. Ufito haumjui mtu. Alichohitaji Fosbury ni nafasi ya kuruka mbele ya kipimo ambacho kila mtu alikuwa ameshakikubali, na makubaliano yakafuata baadaye. Wewe unawaomba watu waliokaa ofisini wakubaliane na namna yako kabla hawajauona ufito. Tafuta kipimo ambacho hata mpinzani wako anakitumia kila siku, kisha uombe nafasi ndogo ya kupimwa nacho.

Jambo la mwisho ni la tahadhari. Kule Mexico alishinda kwa mita 2.24, akivuka katika jaribio lake la tatu, na hiyo ilikuwa rekodi ya Olimpiki lakini haikuwa rekodi ya dunia. Rekodi ya dunia ilikuwa mita 2.28, aliyoiweka Valeriy Brumel wa Urusi ya Kisovieti mwaka 1963 kwa mtindo wa kifudifudi, na Fosbury hakuwahi kuifikia. Hata mwaka 1978, miaka kumi baada ya Mexico, rekodi ya dunia ilivunjwa tena na mrukaji wa kifudifudi, Vladimir Yashchenko. Mbinu mpya ilishinda kwa sababu vijana wengi waliweza kujifunza upesi, na kwa kila mwaka uliopita idadi yao iliongezeka. Usimwahidi mwekezaji kwamba kreti itaushinda kila mzigo wa tenga kuanzia siku ya kwanza.

Mkaguzi wa Maandiko alijibu:

Ninakubaliana na Mwalimu kwa sehemu kubwa, ila naomba kuongeza jambo kuhusu aina ya ushahidi, kwa kuwa kazi yangu imekuwa kusoma maandiko ya miradi ya vijana.

Eliud Kipchoge alijaribu kwa mara ya kwanza kukimbia marathoni chini ya saa mbili huko Monza, Italia, mwezi Mei 2017, akatumia saa 2 na sekunde 25. Tarehe 12 Oktoba 2019, jijini Vienna, alikimbia kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Hata hivyo muda huo haukuandikwa kuwa rekodi ya dunia, na hakuna aliyemdhulumu: waweka kasi, yaani wakimbiaji wa kumshikia mwendo, walikuwa wakipokezana kundi kwa kundi, gari lililotangulia lilimulika barabarani mstari wa kufuata, vinywaji aliletewa mkononi, na siku yenyewe ilichaguliwa kwa kungoja hali nzuri ya hewa. Rekodi yake rasmi aliipata Berlin, kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 39 mwaka 2018, akaiboresha hadi saa 2, dakika 1 na sekunde 9 mwaka 2022.

Sasa, ndugu yangu, tazama safari zako tatu. Mzigo ulikuwa wa baba yako mdogo, gari ulilikodi wewe, bila shaka ulisimamia upakiaji mwenyewe, na kreti ulirudi nazo. Hiyo ni Vienna. Ina thamani kubwa, kwa sababu imeonyesha kwamba jambo linawezekana, na baada ya kuonekana linawezekana watu hufikiri upya. Lakini wawekezaji wanauliza kuhusu Berlin: itakuwaje mpakiaji akiwa kibarua asiyekujua, dereva akiwa na haraka, na wewe ukiwa umelala nyumbani? Nimeona vijana wengi wakiwasilisha Vienna huku wakiiita Berlin, na jopo linapogundua tofauti hiyo lenyewe, linaacha kuamini hata yale ambayo ni kweli. Waambie mapema, kwa sauti yako mwenyewe, kwamba haya nimeyathibitisha katika mazingira niliyoyaandaa, haya bado, na fedha ninazoomba ni za kuyajaribu hayo ambayo bado. Na kumbuka kwamba hata Vienna ilitanguliwa na Monza, ambako lengo lilikosekana kwa sekunde chache mbele ya kamera za dunia nzima, na yaliyoonekana huko yakatumika kuandaa jaribio la pili.

Mkimbiaji wa Zamani alijibu:

Mimi nitasema kidogo tu, kwa sababu Mtanzania mwenzetu hajatajwa. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, Nyuzilandi, Filbert Bayi alishinda mita 1500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa dakika 3 na sekunde 32.16, ikiwa rekodi ya dunia. Wakimbiaji wengi wa umbali huo walizoea kuviziana hadi mzunguko wa mwisho, lakini Bayi aliongoza tangu mwanzo, kwa kasi iliyowafanya wengine waamini kwamba angechoka. Hakuchoka. Ninachotaka kijana akione ni kwamba John Walker wa Nyuzilandi, aliyemaliza wa pili, naye aliipita rekodi ya zamani ya Jim Ryun, na Ben Jipcho wa Kenya, aliyekuwa wa tatu, aliikaribia mno. Mwenye mbinu mpya aliwavuta wote waliokuwa nyuma yake.

Kwa hiyo jiandae. Wazo lako likifaulu, wengine watanunua kreti kabla hujamaliza kulipa deni la zako. Jopo makini litauliza hilo, na jibu la kwamba hakuna mwingine anayelifanya halitoshi. Tena mbinu ya Bayi haikuwa siri: alikuwa ameshaitumia msimu wa 1973, kila mtu aliiona, na bado siku ile hawakumfikia. Sidhani kama ulinzi wako utakuwa kuficha kreti. Utakuwa katika kujulikana na wakulima na madereva kwa namna ambayo mgeni hawezi kuinunua kwa msimu mmoja.

Mama wa Sokoni alijibu:

Mwanangu, mimi si mtu wa riadha. Nauza nyanya kwa jumla hapa Dar es Salaam, na nimesoma majibu yote kwa sababu wajukuu wangu walinionyesha swali lako. Mwalimu ameuliza godoro lako ni lipi, nami nitakuambia mahali ambapo bado ni maranda.

Tenga ni rahisi, hivyo mnunuzi wa rejareja akiondoka nalo hakuna anayemfuata. Kreti ya plastiki ina thamani yake yenyewe. Ikifika hapa itageuka kuwa kiti, meza ya kupangia vitunguu, na ukirudi jioni hutaiona. Usipowaeleza hao matajiri wako kwamba kreti itarudi vipi, hujawaeleza biashara, umewaeleza kifungashio.

Jambo la pili nimelipenda katika maneno ya Mwalimu kuhusu ufito. Sisi hapa tunauza kwa tenga. Bei inatajwa kwa tenga, ushuru watu wanaukadiria kwa tenga, na mpakuaji analipwa kwa tenga. Ukija na kreti bila kutuambia kreti ngapi ni tenga moja, umebadilisha mruko na umebadilisha na ufito, na hapo hakuna atakayejua kama umeshinda. Kaa na madalali wawili watatu, jazeni pamoja, pimeni kwa mizani mbele ya watu, mkubaliane hesabu. Baada ya hapo linganisha fedha aliyopata mkulima wa tenga na wa kreti siku hiyohiyo, sokoni hapahapa. Karatasi yenye hesabu hiyo hata mimi ningeisoma.

MwanaIlula alijibu:

Shikamoo Mwalimu, shikamoo Mama, na asanteni sana ndugu wengine wote. Nimesoma majibu haya mara mbili na nimeona wazi makosa yangu. Wasilisho langu lilianza na picha ya kreti, na ndani yake hapakuwa na hata mstari mmoja kuhusu hesabu ya tenga, wakati mimi mwenyewe nimekua nikisikia bei ikitajwa kwa tenga. Vilevile niliandika kwamba mfumo umethibitishwa, ilhali safari zote tatu nilikuwa nimekaa mbele na dereva na kreti nilizihesabu kwa mkono wangu.

Msimu ujao nitatafuta wakulima watano wasio ndugu zangu, kila mmoja apakie nusu ya mzigo wake kwenye matenga na nusu kwenye kreti katika lori moja, nami nisisafiri nalo. Kila kreti nitaipa namba, na dalali atakayeirudisha nitamrudishia amana yake. Nitaandika zilizoondoka, zilizorudi na zilizopotea, pamoja na fedha iliyopatikana kwa kila upande, hata kama hesabu itanigeuka.

Mama, naomba nikuulize jambo moja ambalo nikilijua nitaweza kuanza: malori yanayoleta nyanya kutoka huku kwetu huondoka sokoni saa ngapi, na yanaporudi huwa yamebeba mzigo au huwa matupu?

Mama wa Sokoni alijibu:

Marahaba, mwanangu. Mengi ninayoyaona mimi huanza kuondoka asubuhi baada ya kushusha, na dereva asiyepata mzigo wa kurudi nao hukaa hapa hadi mchana akiutafuta. Njoo alfajiri siku ya soko, usije na kreti, njoo na daftari. Nitakukutanisha na wawili ambao hurudi matupu mara kwa mara, uwaulize wenyewe watataka kiasi gani.