Mawe ya makaburi ya Waislamu wa mwanzo nchini Misri

Mwanagenzi:
Assalamu alaikum. Katika Hadithi ya Jabir aliyoipokea Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) amekataza makaburi kutiwa chokaa na kuandikwa. Hata hivyo, katika Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu mjini Cairo limo jiwe la kaburi la mwaka 31 Hijria, yaani 652, zama za Khalifa Uthman, Masahaba wengi wakiwa hai. Jiwe hilo lina maneno gani, na linatufunza nini kuhusu watu wa kizazi kile?

Bin Kitabu:
Wa alaikumu ssalaam, ndugu. Marehemu ni Abdulrahman bin Khair, ingawa hati ile ya Kikufi, mtindo wa kale wa kuandika Kiarabu, haina nukta za kutofautisha herufi, na kwa hiyo jina la baba yake laweza pia kusomwa Jabr. Baada ya Bismillahi, maandishi yanamwomba Mola amsamehe na amwingize katika rehema Yake, "nasi pamoja naye", kisha yanamgeukia mpita njia: usomapo maandishi haya, mwombee maghufira (msamaha) na useme amina. Mwisho umetajwa mwezi wa Jumada ya pili, mwaka 31, bila kuelezwa ni mwaka wa hesabu ipi. Kwangu mimi, la mpita njia ndilo lenye uzito, kwa kuwa aliyechonga alitaraji kwamba atapita msomaji wa Kiarabu, miaka kama 10 tu baada ya Amr bin al-As kuifungua (kuiteka) Misri, nchi ambayo wenyeji wake walisema Kikopti na makarani wake waliandika Kigiriki.

Msomi wa Mji Mkongwe:
Naongeza tahadhari. Jina la Mtume halimo katika jiwe hilo, na wapo waliojenga hoja kubwa juu ya kimya hicho, kana kwamba Waislamu wa mwanzo hawakumpa Mtume nafasi kubwa. Dua fupi ya kaburini, hata hivyo, si kitabu cha itikadi. Sarafu za Bishapur, mji wa Uajemi, za mwaka 66 Hijria zimeandikwa "Muhammad ni Mtume wa Mwenyezi Mungu", na jiwe la Abbasa binti Juraij wa Aswan, la mwaka 71 (691), linasema kuwa msiba mkubwa wa watu wa Uislamu ni kumkosa Nabii Muhammad, kisha linataja kwamba Abbasa alikufa akitoa shahada. Mtindo wa maneno ulikuwa ukikua. Tuone pia kwamba huyu ni mwanamke, na ametajwa waziwazi kwa jina lake na la baba yake.

Mwanagenzi:
Ahsanteni. Na lile katazo?

Bin Kitabu:
Al-Hakim, mwanachuoni wa Hadithi ambaye naye aliipokea Hadithi hiyo ya Jabir, alikiri kwamba watu hawakuifuata, kwani maimamu wa mashariki hadi magharibi wameandikiwa makaburi yao. Wanazuoni wengi waliona ni makuruhu (lachukiza, bila kuwa haramu), na baadhi ya Mahanafi, wafuasi wa madhehebu ya Abu Hanifa, waliruhusu pakiwa na haja ya kulitambua kaburi. Kwetu pwani, kaburi la Gedi, mji wa magofu karibu na Malindi, lenye tarehe ya 802 Hijria (1399) ndilo lililowapa wachimbuzi mwaka wa kuanzia hesabu zao.