Wakuu tunataka kusafisha kando ya barabara hapa Doma, tuanzie wapi?

Matenga_ya_Doma
Habari zenu wakuu. Mimi ni mkazi wa Doma, ukitoka Morogoro kwenda Mikumi, mnaopita na mabasi ya Iringa na Mbeya mnatujua kwa nyanya zetu. Sasa jamani huku kando ya lami kumejaa chupa za maji na za juisi, ukishuka mtaroni unakanyaga plastiki tu. Tangu mifuko ya rambo ipigwe marufuku Juni 2019 kuna afadhali, ila chupa ndo zimechukua nafasi. Mvua ikipiga zinaziba kalavati, maji yanarudi mashambani, na mbele kidogo ndo mbuga inaanza, juzi nimemuona nyani kakaa ukingoni mwa daraja anatafuna kizibo na mtoto yuko mgongoni, roho iliniuma sana. Tupo vijana 16, tunataka kilomita 3 tuzisafishe kila mwezi halafu baadae tupande miti ya kivuli na maua. Kibali tunaomba wapi? Na tujiandae vipi?

mzee wa lami
Hongereni sana mdogo wangu. Hiyo ni barabara kuu, iko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, sio TARURA wa barabara za vijijini na mijini, barua peleka ofisi ya mkoa pale Morogoro, nakala kwa mtendaji wa kijiji na halmashauri. Kuhusu miti msikurupuke. Hifadhi ya barabara ni mita 30 kila upande kuanzia katikati, sheria ya 2007, chochote mtakachopanda humo ni kwa ruhusa. Mti mkubwa ukiwa karibu na lami, gari likiacha njia linaishia kwenye shina, na kwenye kona unamziba dereva. Mtaroni ndo kabisa msipande, mizizi inapasua zege. Na mkifika mpaka wa mbuga geukeni, ndani kuna tembo na nyati, huko waachieni wenye hifadhi.

Dada Subira
Kaka kabla hujaokota hata chupa moja, hakikisha unajua taka zinaenda wapi. Sisi kwetu tuliokota siku nzima, tukajaza viroba 40, tukavipanga vizuri kando ya barabara kusubiri gari la taka tuliloahidiwa, gari halikuja wiki tatu. Mbuzi wakachana viroba, upepo ukamalizia, yaani ilikuwa mbaya kuliko mwanzo na watu wakaanza kutusema sisi ndo tumechafua. Nililia kwa kweli. Mara ya pili tulikodi toyo kabisa, ile pikipiki ya mizigo ya matairi matatu, na chupa tukazitenga tukamuuzia mtu anayenunua kwa kilo, hela yake ikatoa mafuta ya toyo. Zikanyageni zilale ndo kiroba kinabeba nyingi. Msichome, ule moshi mnauvuta wenyewe.

Halafu kitu kingine hakisemwi, zile chupa zenye maji ya njano SIO juisi, ni mkojo. Watu gari lisiposimama kuchimba dawa wanamalizia humo wanarusha dirishani. Mtu asifungue wala kuikanyaga, ina kiroba chake. Glovu za mpira mzito, zile nyembamba za hospitali zinachanika kwenye chupa iliyovunjika. Gambuti lazima, kifutu anapenda kulala kwenye majani kama hayo, tangulizeni fimbo kabla ya mkono.

mbeba_box Dallas
Niko Texas, huku ndo mpango wa watu kuchukua kipande cha barabara ulipoanzia, mji wa Tyler mwaka 1985, kikundi kilichukua maili 2, kama kilomita 3 hivi, sawasawa na hizo zenu. Mimi nimeshaenda na watu wa kanisani kwetu. Kikundi kinasaini, serikali inatoa vizibao vya riflekta na mifuko, inakuja kubeba taka, na kibao chenye jina la kikundi kinasimikwa pale. Hicho kibao msikidharau, kinafanya watu waone aibu kuacha kipande chao kichafu. Muombeni TANROADS japo hicho. Na mkiwa kazini tembeeni mkitazamana na magari, ziwekeni simu mfukoni, mtu mmoja asiokote kabisa, kazi yake filimbi tu.

Konda_mstaafu
Nimepiga hiyo ruti miaka mingi, nawaambia ukweli, abiria akinunua maji Msamvu, stendi ya Morogoro, mpaka Doma ameshamaliza, ndo maana kwenu kumezidi. Tukiweka ndoo katikati ya gari wengi wanatupia humo, tusipoweka dirisha ndo linakuwa jalala. Nendeni Msamvu muongee na makonda mmoja mmoja. Na fanyeni kazi saa 12 hadi saa 3 asubuhi, kabla mabasi mengi ya kutoka Dar hayajafika kwenu, ila siku hizi yapo yanayosafiri usiku. Malori hayana saa, hayo muwe nayo makini muda wote.

Matenga_ya_Doma
Asanteni mno wakuu. Dada Subira umetuokoa, sisi tulikuwa tunawaza glovu na viroba tu, gari hatujalifikiria hata kidogo. Jirani yangu ana toyo ya kubebea matenga, jioni hii namfuata. Barua naandika kesho, miti tunaisogeza mpaka tupate jibu. Hivi riflekta za bei nafuu Morogoro mjini zinapatikana upande gani? Tunahitaji 16.