Mnaotuuzia huduma ya barua pepe, acheni kuingiza domaini nzima kwenye orodha ya wanaoaminika!

Wakuu, leo simpaki mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Kampuni inayotuhudumia barua pepe ofisini ilituachia mlango wazi kwa miezi, na ukiwauliza wanakujibu kana kwamba wewe ndiye msumbufu.

Ankara za msambazaji wetu mmoja zilikuwa zinaangukia kwenye spamu. Tukafungua tiketi, jibu likaja upesi: "Tatizo limetatuliwa." Limetatuliwaje? Hakuna aliyesema. Kumbe fundi wao alichukua domaini ya msambazaji (ile sehemu ya anwani inayofuata @) akaibandika kwenye whitelist_from, yaani orodha ya watumaji wanaoaminika ndani ya SpamAssassin, programu inayochuja spamu, na papo hapo akaongeza domaini yetu wenyewe, eti barua za ndani zisikwame.

Juzi mhasibu wetu akapokea barua "kutoka kwa mkurugenzi" ikimwagiza abadilishe akaunti ya benki ya msambazaji huyohuyo. Yule mama ni makini, akanyanyua simu akauliza kwanza. Nikafungua vichwa vya ile barua, yale maelezo yaliyofichika ya ilikotoka na ilikopita. Kwenye Received kuna seva ya nje tusiyoijua. SPF, inayokagua kama seva iliyotuma imeruhusiwa na mwenye domaini, imefeli. DKIM, sahihi ya kidijitali ya domaini, hakuna kabisa. Halafu mstari huu: USER_IN_WHITELIST, alama -100. Kwa mipangilio ya kawaida SpamAssassin huiita barua spamu ikifikisha alama 5. Sasa niambieni, mtu akishapunguziwa alama 100, kichujio gani kitamkamata?

Anwani ya From yeyote anaiandika atakavyo. SMTP ya 1982, kanuni ambazo seva hutumia kupitishiana barua, haikuweka namna ya kumthibitisha mtumaji, ndiyo maana SPF na DKIM zikaletwa baadaye. Hiyo whitelist_from haijali zote mbili. Ni mlinzi anayefungua geti kwa kila anayetaja jina la mwenye nyumba. Na fundi anayelipwa kwa kazi hii anapaswa kulijua hilo!

Dawa ipo siku nyingi: whitelist_auth, inayompa mtumaji nafuu hiyo pale tu SPF au DKIM inapopita. Toleo la 4 linaiita welcomelist_auth, kazi ni ileile. Domaini yetu wala haikuhitaji kuwekwa popote, maana wafanyakazi wanatuma kupitia porti 587 (lango la seva la kupokelea barua za watumiaji wake) kwa nywila na seva inawatambua hapohapo. Na yule msambazaji? Ankara zake zinatoka kwenye mfumo wa uhasibu ambao haumo kwenye rekodi yake ya SPF. Ilitosha kumwandikia airekebishe.

Nilipowaeleza haya wakanijibu kwamba wateja wengine hawajalalamika. Hawajalalamika kwa sababu hawajui kilichofanywa kwenye seva zao!

Nimewadai orodha nzima ya walioingizwa, nani aliomba na lini. Kimya mpaka sasa. Kama kuna anayejua kampuni inayomweleza mteja kabla ya kugusa vichujio vyake, aitaje hapa, maana sisi tunahama.