Maziwa ya kopo kwa mtoto: friji dogo au birika la umeme na chupa ya chai?

BabaMwanzo: Wakuu, habari za jioni. Mwisho wa mwezi nina hela ya kitu kimoja tu. Ama friji dogo, maziwa ya mtoto yakorogwe asubuhi yakae humo, ama birika la umeme na chupa ya chai nzuri, tukoroge kila anapotaka kula. Mama yake anataka friji, mimi roho inanituma birika. Mliopitia, lipi bora?

Mkimara: Friji, bila mjadala. Watoto wangu wawili nimelea hivyo. Kukoroga saa nane usiku mtachoka.

MamaPacha: Hongera kwa mtoto. Ila baba umeacha mengi. Ana umri gani? Alitimiza miezi au ni njiti? Bado ananyonya? Mchana anabaki na nani, na umeme wenu ukoje?

BabaMwanzo: Samahani mama. Ana wiki tisa. Alizaliwa wiki ya 35, kilo 2.1, sasa anaendelea vizuri. Ananyonya. Likizo ya uzazi ya mama yake inaisha wiki tatu zijazo, mchana atabaki na bibi yake. Tupo Tabata, Dar es Salaam, umeme unakatika mara mbili tatu kwa wiki.

NesiMstaafu: Njiti! Hilo ndilo la kuanza nalo, mwanangu. Unga wa kopo, hata likiwa halijafunguliwa, unaweza kuwa na bakteria. Mmoja anaitwa Cronobacter. Ni nadra, lakini kwa njiti na kwa kichanga wa chini ya miezi miwili anaweza kufika hadi kwenye ubongo. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2007 unataka unga ukorogwe kwa maji yasiyopungua nyuzi 70. Chemsha yatokote, yasikae zaidi ya nusu saa. Maji kwanza, halafu unga kwa kijiko cha kopo hilohilo, kikisawazishwa kwa mgongo wa kisu. Kisha poza kwenye bakuli la maji baridi na udondoshee kwenye kifundo cha mkono. Hayakuisha ndani ya saa mbili, mwaga. Friji linaruhusiwa, saa 24, ila liwe nyuzi 5 kushuka chini. Kwa umeme huo utajuaje?

Mkimara: Nesi, sisi tulikoroga kwa maji ya uvuguvugu na watoto wako shule.

MamaPacha: Mkimara, mimi yalinikuta. Pacha walikuwa na miezi minne. Dada alikoroga chupa mbili saa nne usiku, mmoja akanywa nusu akalala. Saa tisa akalia, tukampa ileile iliyobaki, tena nimeipasha mwenyewe. Asubuhi anaharisha, jioni macho yameingia ndani, analia bila machozi. Tulilazwa siku nne, wakatafuta mshipa wa dripu kichwani. Niliporudi nyumbani nikafungua chupa. Chini ya ile pete inayobana chuchu kulikuwa na utando mweupe unaoteleza kwenye kucha, unanuka mtindi. Chupa nilikuwa naiosha kila siku, pete sikuwahi kuitoa. Tangu siku hiyo natumia kikombe kidogo tu, kinasuguliwa pote.

Mkimara: Pole sana mama. Ila kikombe kwa wiki tisa si atapaliwa?

NesiMstaafu: Hapaliwi akikaa wima na kikombe kikagusa tu mdomo wa chini akaramba mwenyewe. Usimmiminie. Njiti wengi wodini tunawaanzisha hivyo.

Mmeru: Na sisi wa Arumeru? Maji yetu yana floridi, meno ya watu yana rangi, na kuchemsha hakuiondoi. Natumia ya chupa ya dukani, nayo nayachemsha?

NesiMstaafu: Chemsha, nayo si salama kwa kichanga yakiwa mabichi. Soma kwenye lebo kiasi cha floridi, chagua yenye kidogo.

Mzawa: Kwa nini asipewe ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji? Bibi zetu walilea hivyo.

NesiMstaafu: Si chini ya mwaka mmoja, mjukuu. Na BabaMwanzo, mbona hakuna aliyetaja kukamua? Mama akamue kabla ya kwenda kazini, yanakaa saa nne nje ya friji mahali penye ubaridi kiasi.

Mfanyakazi2: Tena Sheria ya Ajira ya 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Adai.

BabaMwanzo: Ofisi iko Posta. Kwa foleni ile saa mbili zinaishia barabarani. Akikamua huko ofisini ayahifadhi wapi, kwenye friji la chakula la watu wote?

MamaPacha: Kifuko cha baridi chenye vipande vya barafu. Ila barafu utaigandishia wapi kama hukununua friji?

BabaMwanzo: Hapo mama umenirudisha nilikoanzia. Kesho namkalisha bibi yake nimwonyeshe kwanza hicho kikombe.