Barua za bibi kwa herufi za Kiarabu: tuzisome, tuzizike au tuzichome?

Mjukuu wa Pangani aliuliza:

Wanajukwaa, nawasalimu nyote.

Bibi yangu mzaa baba alifariki mwaka 1987 huko Pangani, na kasha lake lilikaa chini ya kitanda cha shangazi tangu siku zile hadi mwezi uliopita, ambapo shangazi naye alitutoka na nyumba ikabidi itolewe vyombo. Ndani ya kasha tulikuta doti mbili za kanga ambazo hazijawahi kuvaliwa, chetezo kilichovunjika mguu, na chini kabisa, yamezongwa kwa kipande cha kitambaa cha bafta, makaratasi 31 yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa wino uliogeuka rangi ya kahawia.

Ami yangu, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo, alisema papo hapo kwamba hayo ni mambo ya dini au ya uganga, na kwamba yachomwe kwa heshima au yazikwe, yasije yakachezewa na watoto. Mimi nilipitia chuoni, yaani madrasa, utotoni, kwa hiyo herufi naweza kuziunganisha, na kilichonishtua ni kwamba nilipojaribu kusoma mstari mmoja kwa sauti nilisikia Kiswahili. Mstari wenyewe, kwa kadiri nilivyouweza, unasema hivi: "Nimepokea baba wanne wakavu kutoka biba." Nimeurudia mara kumi na bado mababa hao wamenishinda.

Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi. Bibi tulimjua sote kuwa mtu asiyejua kusoma. Mwaka 1976, nikiwa darasa la nne, nilimsindikiza kwenye ofisi moja, akatia dole gumba kwenye fomu, na karani akaandika pembeni kwamba hajui kusoma wala kuandika. Niliona haya kwa niaba yake. Jioni ile nikamkalisha barazani na kipande cha mkaa ili nimfundishe kuandika jina lake sakafuni. Alifuatisha herufi tatu, akacheka, akasema mkono wake umezoea kwenda upande mwingine. Nilidhani anazungumzia uzee.

Naomba mnisaidie: maandishi haya husomwaje, yawezekana ni ya nani, na je, sisi tuna haki ya kuyasoma?

Mwalimu Mstaafu alijibu:

Ndugu mleta mada, pole kwa msiba wa shangazi. Nianze na hao mababa wanne, kwa sababu wao ndio watakaokufungulia mlango.

Herufi za Kiarabu hazikutengenezwa kwa ajili ya Kiswahili, na waandishi wengi wa zamani wa pwani yetu walizitumia kama zilivyo bila kuziongezea kitu. Kiarabu hakina *p*, kwa hiyo mwandishi alitumia *be*. Sauti ya *mb* nayo mara nyingi aliiandika kwa *be* hiyohiyo, akaiacha *m* ijazwe na msomaji. Irabu fupi ni tatu tu, fataha, kasra na dhumma, kwa hiyo *e* na *i* zinakaa chumba kimoja, na *o* na *u* vilevile. *Fe* inaweza kuwa *f* au *v*, *shini* inaweza kuwa *sh* au *ch*, na *ghaini* hubeba *g* pamoja na jamaa zake. Sasa urudie mstari wako. Ulichokisoma "baba" kinaweza pia kuwa "papa" au "bamba", na ulichokisoma "biba" kinaweza kuwa "pipa" au "Pemba". Bibi yako, au yeyote aliyeandika, alikuwa amepokea papa wanne wakavu kutoka Pemba. Kwa kawaida upatanisho wa kisarufi humwokoa msomaji, lakini hapa hata wenyewe umekusaliti, maana papa ni mnyama, na "wanne wakavu" humfaa yeye kama unavyomfaa baba.

Msomaji wa wakati ule hakupata taabu hii, kwa kuwa hakuna aliyetarajia kutumiwa mababa waliokaushwa. Maandishi haya yaliandikwa kwa ajili ya mtu anayezijua tayari habari zinazozungumzwa, na ndiyo maana husomwa kwa sauti, polepole, sikio likimsahihisha jicho. Anayetaka kuyasoma kimya kimya kama gazeti hafiki popote.

Wala si jambo la ajabu barua za nyumbani kuandikwa hivyo. Hivi ndivyo pwani ilivyoandikiana kwa muda mrefu kabla ya shule za kizungu: hesabu za nazi na nguo, posa, talaka, madai ya shamba, salamu za mabaharia. Utendi wa Tambuka ulitungwa Pate mwaka 1728 kwa herufi hizi. Hata Wajerumani walipoanza kutawala walizikuta barua za namna hii zikiendesha biashara na utawala, wakazitumia wao wenyewe kwa muda, kisha shule za serikali, ambazo zilianzia Tanga katika miaka ya 1890, zikaanza kutoa makarani wa herufi za Kilatini. Wamisionari walikuwa wameshaanza kuchapa vitabu kwa Kilatini. Wakaja Waingereza, na mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati iliyoundwa mwaka 1930 ikasimamia vitabu vyote vya shule kwa Kilatini. Hakuna aliyepiga marufuku mwandiko wa chuoni. Ila mtu akienda ofisini na mwandiko huo, karani hakuwa na uwezo wa kuusoma, na katika fomu ujinga ukaandikwa upande wa mwenye kalamu ya zamani. Nimefundisha miaka mingi na nimeshiriki kisomo cha watu wazima tangu serikali ilipoutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Nakiri kwamba sikumbuki kumwuliza mwanafunzi yeyote mzee kama anajua kuandika kwa herufi nyingine.

Maneno ya bibi yako kuhusu mkono wake uyachukue kama yalivyo. Alikuwa akikwambia kwamba anaandika kutoka kulia.

Mambo mawili ya kutazama. Barua za zamani huanza kwa Kiarabu cha heshima, "ila janabi" na kuendelea, na Kiswahili huingia baada ya salamu, kwa hiyo usikate tamaa na mistari mitatu ya mwanzo. Na mwisho wa barua utafute neno "biyadihi", yaani "kwa mkono wake". Mwandishi aliyeandika mwenyewe, bila kumwomba mtu, hulitia pale. Tarehe ikiwa ya Hijria, igawe kwa 33, toa jibu kwenye mwaka huo, kisha ujumlishe 622, utapata mwaka wa Miladia kwa karibu.

Mwana wa Tanga alijibu:

Mwalimu amejibu kwa elimu, lakini swali la tatu amelipita, nami ndilo ninaloliona kubwa. Bibi alikaa na makaratasi hayo maisha yake yote bila kumwonyesha mtu. Alikuwa na mjukuu anayesoma, alikuwa na watoto, na bado alinyamaza hata pale karani alipomdhalilisha. Mtu akificha jambo kwa uangalifu kiasi hicho, kisha sisi tukalifungua kwa sababu tu amekufa na hawezi kutuzuia, tofauti yetu na mdokozi ni ipi? Barua ni mazungumzo ya watu wawili. Huenda ndani mna aibu ya mtu ambaye wajukuu zake bado wako mtaani. Ami hajakosea kabisa. Karatasi yenye jina la Mwenyezi Mungu, ikichakaa, kuizika au kuichoma mahali safi ni njia inayojulikana ya kuihifadhi isikanyagwe, si ushamba.

Mkutubi alijibu:

Naomba nitofautiane na ndugu Mwana wa Tanga kwa adabu. Hatujui kama bibi alificha. Kuhifadhi ndani ya bafta, ndani ya kasha, pamoja na kanga mpya, kwa wanawake wa umri wake ndiyo namna ya kuweka kitu chenye thamani, na aliyetaka kisionekane alikuwa na jiko la kuni mbele yake kila siku. Zaidi ya hayo, humo mnaweza kuwa na deni au amana, na deni la marehemu ni jambo ambalo warithi hutakiwa kulijua. Huwezi kuchoma kwanza kisha ukauliza.

Kuhusu ni nani aliyeandika, nashangaa kidogo kwamba sote tunaona ajabu mwanamke kuwa na kalamu. Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, alipomtungia binti yake utendi mwaka 1858 akiwa mgonjwa, alianza kwa kumwita binti aje akae karibu na wino na karatasi. Tunayanukuu mno mawaidha ya utendi ule juu ya kumtunza mume, na tunaupita haraka mstari wa wino. Mama yule alichukulia kwamba binti, msichana mdogo wa nyumbani, ataandika yale anayosikia.

Kwa upande wa utunzaji, msitie karatasi hizo kwenye plastiki ya kuyeyushwa kwa moto, wala msizigandishe kwa gundi ya utepe, kwa sababu vyote viwili huziua. Zipigeni picha pande zote mbili, kwenye kivuli chenye mwanga wa mchana, kwa mpangilio uleule mliozikuta, na bafta muihifadhi pia. Mkipenda, maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyo wa miswada ya Kiswahili ya hati hizi, na Nyaraka za Taifa za Zanzibar wamezoea karatasi za aina hii. Kuwapa nakala ya picha hakuwalazimu kuwapa kasha.

Mwalimu Mstaafu aliongeza:

Nakubaliana na Mkutubi, ila neno la Mwana wa Tanga lisidharauliwe. Pendekezo langu ni kwamba zisomwe kwanza na watu wawili au watatu wa ukoo, wakubwa, mlango ukiwa umefungwa, na yatakayoonekana kuwa ya watu wengine yabaki humo chumbani. Hivyo ndivyo wosia unavyosomwa, na hakuna anayeuita wizi.

Mjukuu wa Pangani alirejea, siku 12 baadaye:

Wanajukwaa, nawashukuru. Tulikaa watatu, ami, binamu yangu na mimi, baada ya sala ya alasiri, mlango ukiwa umefungwa kama Mwalimu alivyoelekeza. Ami alikuja kwa shingo upande, lakini ikadhihirika kwamba yeye ndiye msomaji bora kuliko sisi wote, kwa sababu maneno ya zamani anayajua. Mimi nilikuwa nikitamka herufi, naye akinisahihisha kabla sijamaliza neno.

Hakuna uganga. Karatasi 29 ni barua alizotumiwa na kaka yake aliyekuwa akiishi Pemba, nyingi zikihusu mashina ya mikarafuu, bei, na mtoto mgonjwa ambaye jina lake halitajwi. Moja ni dua. Kwenye barua mbili kuna mambo ya ndoa ambayo ami aliyasoma kimya, akazikunja, akaziweka kando, na sisi hatukuuliza.

Karatasi ya papa wakavu ni tofauti na nyingine zote. Barua za kaka zina alama za kukunjwa mara nne, na mikunjo imechanika. Hii haina mkunjo hata mmoja. Inashukuru kwa papa, inasema wawili wamepelekwa kwa mama na wawili wameuzwa, inataja senti zilizopatikana, kisha inaomba iletwe karatasi nyingine kwa kuwa hii ndiyo ya mwisho nyumbani. Nadhani ndiyo sababu haikutumwa, au labda aliinakili upya. Ami anasema mashua iliondoka mapema. Tarehe ni mwezi wa Rajabu, 1342. Nimegawa, nimetoa, nimejumlisha, na nimepata mwaka 1923 au 1924, wakati bibi hajafika hata miaka 20.

Mwishoni kabisa, chini ya jina lake, kuna lile neno ulilonielekeza nilitafute, Mwalimu, ila halikuandikwa "biyadihi". Nililisoma mara mbili nikidhani nimekosea tena. Ami akaniambia niache kuhangaika, herufi ya mwisho ina alifu, ni "biyadiha", kwa mkono wake, na anayesemwa ni mwanamke. Kisha akaichukua karatasi mikononi mwangu, akaitazama kwa muda, akamwomba binamu alete ile bafta.