Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia: bata bandia 24, vichwa vyote juu, halafu naambiwa sijui kuwinda

Wakuu, habari za Jumapili. Nimetoka shambani sasa hivi, vidole bado havijapata joto, ila naandika hivyo hivyo. Nikisubiri hasira ipoe nitaanza kumtetea aliyeniuzia, tunavyoteteana siku zote tukiwa ugenini.

Kwa wasionijua, niko kusini mwa Minnesota, huu ni msimu wangu wa tatu kuwinda bata bukini. Najua mtacheka, eti mtu kapanda ndege saa ishirini kwenda kuwinda bata. Chekeni, kisha muendelee kusoma, maana hela iliyoliwa ni ya kweli.

Mwezi wa tisa kuna ndugu yetu kaweka tangazo kwenye kundi la wenyewe kwa wenyewe. Simtaji jina, anajijua. Kaleta mzigo wa sanamu za bata bukini, zile unazochomeka shambani ili bata wa kweli wadhani wenzao wametua, za mwili mzima, dazeni mbili dola 280. Picha tamu kweli: vichwa vimebandikwa vinyweleo laini kama mahameli, mmoja kainama anakula, mwingine kalala, mwingine anajikuna ubavu. Nikajua hapa nimeokota. Dazeni moja ya maana dukani huzidi bei hiyo ya mbili. Nikatuma hela siku ile ile bila hata kuomba video. Kosa langu hilo, nalibeba.

Mzigo umefika, nafungua boksi gerejini: bata 24, wote wamesimama, wote shingo juu. Hakuna anayekula, hakuna aliyelala. Mahameli hakuna, ni plastiki tupu inayometa kama beseni jipya. Lile baka jeupe ambalo bata hawa wanalo shavuni limeshuka mpaka shingoni, utadhani mtu kapaka poda gizani. Nikamsugua mmoja kwa glavu, rangi ya kahawia ikabaki kwenye glavu.

Asiyewinda atauliza, kichwa kikiwa juu kuna shida gani? Shida ndiyo hiyo yote. Kundi la bata lililotulia linakula. Shingo zimeinama, mmoja au wawili pembeni ndio wameinua vichwa kulinda wenzao. Wakiinua vichwa wote kwa pamoja maana yake wameona mbweha, au mtu, na sekunde chache baadaye wanaruka. Kwa hiyo mimi nimelipa dola 280 kutangaza hatari katikati ya shamba la mahindi. Rafiki yangu Mjaluo wa Siaya, ninayewinda naye, aliziangalia kimya, akazunguka boksi, akasema: "Ndugu yangu, hawa si bata, hawa ni askari wa gwaride."

Huyu jamaa mambo haya hakujifunzia Marekani. Kwao utotoni walikuwa wanatega kware kwa kware. Kware dume wanafungiwa kwenye vikapu vidogo, vikapu vinatundikwa kwenye mti mrefu, alfajiri wanaanza kuita, na wale wa porini wakija wanakuta vitanzi chini. Akasema kule kware asiyeita, au anayeita kwa woga, anageuzwa mboga, hana kazi. Hapa kutumia bata hai kuwaitia wenzao ni marufuku tangu 1935. Kumwaga mahindi ili waje nako ni kosa. Umebaki na sanamu, filimbi, na maficho yako kwenye mabua, basi. Sanamu ikikuangusha huna pa kushika.

Hata hivyo nikajipa moyo, nikaenda nazo. Jumamosi ya wiki mbili zilizopita tuliingia shamba la mzee mmoja aliyetupa ruhusa, saa kumi na moja asubuhi, giza. Tukapanga inavyotakiwa: upepo mgongoni, kwa kuwa bata hutua wakiukabili upepo, sanamu kwa vikundi vya nne tano kama familia, hatua kadhaa kati ya moja na nyingine, maana zikibanana zinaonekana kundi lenye wasiwasi, katikati tukaacha uwanja wa kutua. Vile vijiti vya kuchomekea vimepinda kwenye udongo ulioganda kama waya wa koti. Tukaishia kutoboa matundu kwa bisibisi.

Jua likachomoza. Sanamu zina umande ulioganda mgongoni, tukaufuta kwa taulo, chini yake ikatokea ile plastiki. Jua la asubuhi likapiga pale, uwanja mzima ukamulika. Kundi la kwanza kama bata ishirini likaja vizuri, likashuka mpaka nikasikia mabawa, kisha yule wa mbele akapaza sauti na wote wakakata kona kama wameona polisi wa usalama barabarani. La pili likafanya hivyo hivyo. La tatu halikushuka kabisa. Saa nne tulifungasha, hatujafyatua hata moja.

Nikamwandikia ndugu yetu kistaarabu. "Kaka, mzigo si ule wa kwenye picha, naomba nirudishe." Jibu lake: "Mkuu, tatizo si bata, tatizo ni mpangilio. Halafu zimeshatumika shambani, hazirudi. Labda huko kwako hakuna bata."

Huko kwangu hakuna bata! Niko dakika chache kutoka Rochester. Bata bukini wakubwa wa Kanada walidhaniwa wametoweka duniani, mpaka 1962 walipotambuliwa kwenye ziwa la Silver Lake, katikati ya mji huu huu. Leo wanavuka barabara wanavyotaka, magari yanawasubiri. Unaniambia hakuna bata?

Sasa hili la mpangilio nalijibu kwa vitendo, ndiyo maana nimesubiri mpaka leo kuandika. Nimeazima kwa jirani sanamu zake bapa kumi na nane. Ni vibao tu, vya zamani, rangi imefifia haina mng'ao hata kidogo, nusu zimeinama zinakula. Tumetumia shamba lile lile, mpangilio ule ule, watu wale wale. Tukachomeka kila kimoja kimeelekea upande tofauti kidogo, kwa sababu bata akizunguka juu, kibao kinaonekana na kupotea, kinaonekana na kupotea, yeye anadhani kundi linatembea. Kundi la kwanza bata saba. Wamezunguka mara mbili, wakanyoosha mabawa, miguu ikateremka. Mpaka sasa ile miguu naiona. Watatu wako kwenye pikapu.

Sikatai, leo upepo ulikuwa mkali kuliko siku ile, na upepo husaidia. Lakini usinidanganye kwamba upepo ndio uliopaka rangi.

Mtu asiniambie pia kwamba dola 280 ni hela ndogo. Ongeza leseni, ongeza stempu ya bata ya serikali kuu, kibali ambacho mwindaji lazima anunue, dola 25, ongeza marisau ya chuma, maana ya madini ya risasi hayaruhusiwi kwa ndege hawa nchi nzima tangu 1991, na ya chuma ni ghali. Mimi nafanya kazi usiku kwenye nyumba ya wazee. Wikiendi ni moja kwa wiki, na msimu una wikiendi za kuhesabu.

Wapo watakaoniambia nipake rangi isiyong'aa nitumie hivyo hivyo. Nimejaribu kwa mbili. Rangi inashika, shingo je? Nizivunje?

Ninachotaka ni hela yangu, na mzigo aje auchukue, uko gerejini, zote 24, mbili zina rangi mpya ya bure. Mwingine aliyenunua kwake aseme hapa ameletewa zipi. Na kama bado hujanunua, kabla hujatuma hela omba video ya boksi likifunguliwa, vihesabiwe vichwa vilivyoinama, na amwage maji juu ya moja aizungushe juani uone inavyometa.

NYONGEZA, saa mbili usiku: Uzi ameuona. Amenizuia WhatsApp, na tangazo kulifuta hajalifuta. Ameshusha bei tu, sasa ni 240.