HUYU MTANGAZAJI WA TV YETU YA JAMII AMEMSHUSHA MZEE PEMBE MDOMONI, HEWANI, NA BADO ANATEMBEA HAPA KAKAMEGA?

Mjukuu_wa_Shinyalu:

Wanakijiji, nimetoka kwa mzee sasa hivi na bado natetemeka. Simtaji. Nyote mnamjua. Yule wa saa kumi na moja jioni, wa suti inayong'aa kushinda taa za studio, anayelamba midomo kabla ya kusema "watazamaji wetu wapendwa". Huyo huyo.

Mzee wetu ameinua pembe. Ameiweka mdomoni. Mashavu yamejaa, macho ameyafumba, ngoma zinamsubiri, na sisi wote kuanzia Khayega mpaka Lurambi tumekodoa macho kwa skrini. Huyu mtu ananyoosha mkono wenye saa kubwa kuliko ya ukutani, anaishika ile pembe kwa mbele, anaisukuma chini. Chini! Hewani! "Mzee, pumzisha hiyo kitu kwanza, twende kibiashara."

Mashavu ya mzee bado yamejaa! Ile pumzi iliishia wapi? Nauliza kwa uchungu. Alikuwa ameivuta tangu enzi za Masinde Muliro, halafu mtu anamwambia aimeze.

Na biashara yenyewe ni ploti. Hamsini kwa mia, karibu na barabara ya lami, barabara ambayo hata mwewe hajawahi kuiona. Tukaoneshwa nyasi, tukaoneshwa kigingi, tukaoneshwa nyasi tena.

Msiseme walijileta. Waliitwa! Wiki nzima kituo kilitangaza kwamba Ijumaa ni ya isukuti, ngoma yetu ya jadi, wazee watakuja kuwafundisha watoto wa shule jinsi ngoma inavyopigwa. Wazee wakapanga. Ngoma zote tatu, kubwa, ya kati na ndogo, zikateremshwa kutoka Shinyalu kwa matatu, na kondakta akaitoza ile kubwa nauli ya mtu mzima. Wakafika mapema, nguo zimepigwa pasi. Mlangoni wakaambiwa ngoma zibaki nje kwa veranda kwa sababu studio ni ndogo. Sasa nyinyi mnaijua mvua ya Kakamega ya saa tisa, haina adabu wala haipigi hodi. Ngozi zikalowa. Mzee mmoja akaomba moto kidogo azikaushe, maana ngozi iliyolegea haitoi sauti, akajibiwa kwamba moto hauruhusiwi ndani ya jengo. Chai? Chai ilipita mbele yao ikielekea kwa mheshimiwa mtarajiwa aliyekuwa amekaa kwa kochi. Ilipita na mandazi.

Waliahidiwa nusu saa. Ikawa robo saa. Walipoketi mbele ya kamera ikawa "mzee, tupigie tu kidogo". Huyo bwana akaanza kwa kujieleza yeye mwenyewe, akasimulia jinsi anavyopenda utamaduni, akamuuliza mzee swali na kulijibu mwenyewe. Hatimaye mzee akaona heri aache maneno, akainua pembe.

Na ule mkono ukaja.

Tuliporudi kutoka kwa ploti, nani yuko kwa kiti cha mzee? Mheshimiwa mtarajiwa! Amekunja nne, anaongea kuhusu uchaguzi wa 2027, na nyuma yake ngoma zetu zimepangwa zimekuwa maua ya kupamba. Wapigaji wamesimamishwa pale nyuma na kuambiwa wasijikune maana wataonekana. Mheshimiwa aliongea mpaka taarifa ya habari ikagonga. Mzee hakurudishwa. Hakuambiwa hata asante.

Nataka mnielewe kwa nini damu inachemka. Isukuti si tumbuizo la kujaza dakika. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, kwa sababu waipigao wamezeeka na vijana wa kuirithi ni wachache. Ngoma inayopigwa mtoto akizaliwa, kijana akitiwa jandoni, watu wakioana na mtu akizikwa! Ile pembe ya swala ina kazi yake pale, na njuga zina yake. Watoto walikuwa wamekaa mbele ya TV shuleni wakingoja kuisikia ikilia kutoka kwa mtu anayeijua. Walichojifunza ni kwamba mzee akiinua pembe, mtu wa suti anaishusha.

Na hii inaitwa TV ya jamii! Sheria ya habari na mawasiliano ya nchi hii inasema wazi kituo cha jamii si cha kutafuta faida, na kwamba kinapaswa kuwahimiza wanajamii washiriki kuchagua na kuandaa vipindi. Kuchagua! Nani kati yetu alichagua ploti? Katiba, kifungu cha 11, imesema utamaduni ndio msingi wa taifa na serikali iukuze hata kupitia vyombo vya habari. Huyu ameukuza kwa kuukandamiza na kiganja.

Wakati analojia ilipozimwa mwaka 2015 tulinunua ving'amuzi kwa shida, tukaelezwa kwamba masafa yaliyokuwa yakibeba chaneli moja sasa yatabeba nyingi, kwa hivyo hata vituo vidogo vitapata nafasi. Tukafurahi. Kituo hiki kilipoanza kilikuwa chetu kweli. Mechi za shule, ng'ombe wakipigana asubuhi, bei ya mahindi, tangazo la mtoto aliyepotea. Mama yangu mwenyewe alipeleka viti. Hicho kiti alichokalia mheshimiwa nakijua mpaka mguu wake unaotikisika!

Lakini hayo yote ningeyameza. Mvua, chai, hata ploti. Ule mkono siwezi. Mzee wa umri ule, mbele ya wajukuu zake, pembe mdomoni, na mtu anaisukuma chini.

Semeni kitu.

---

Boda_wa_Khayega: Nimeiona moja kwa moja, nilikuwa kwa kinyozi. Kinyozi aliacha mashine kwa kichwa cha mteja akasema "weee!" Mteja ametoka na barabara katikati ya kichwa na hakulalamika, alikuwa anaangalia ule mkono. Huyo jamaa asinisimamishe stejini. Atatembea.

Jirani_wa_Bukhungu: Hekaya ndefu hivi kwa pembe moja? Mjukuu, unalia kama mwenye boma aliyenyimwa imondo, ile firigisi ya kuku. TV inalipa stima, inalipa wa kurusha mawimbi kila mwezi, inalipa kodi ya nyumba. Pembe inalipa nini? Hiyo sheria unayoringa nayo inaruhusu matangazo na ufadhili kwa vituo vya jamii. Soma mpaka mwisho wa ukurasa.

Mjukuu_wa_Shinyalu: Nimesoma mpaka mwisho. Imeruhusu matangazo, haijaruhusu kumshika mzee pembe. Wangengoja apulize, hata mara moja, halafu waende kwa nyasi zao. Ploti ingekimbia?

Jirani_wa_Bukhungu: Ploti za siku hizi hukimbia. Uliza shemeji yangu.

Mwalimu_Mstaafu: Mulembe, wanangu. Nimesikitika sana. Pembe inapolia, kila mtu pale anajua shughuli imeanza. Kumkatiza mpulizaji akiwa tayari amevuta pumzi ni dharau ambayo zamani ingelipwa kwa faini mbele ya wazee. Lakini afadhali yeye alifika hata kwa kiti. Mimi niliitwa na kituo hicho hicho kusoma utenzi wangu kuhusu msitu wa Kakamega. Nilikuwa nimeandika beti nyingi sana, na kazi nzuri, mizani imetimia. Beti ya tatu bwana huyo huyo akapiga makofi, akasema "wimbo mzuri, mwalimu". Wimbo! Mizani minane kwa minane na mtu anaita wimbo! Nilirudi nyumbani nikakataa chakula.

Mama_Mboga_Amalemba: Pole mwalimu. Mimi wananimaliza na bei za soko. Wanasoma bei ya nyanya ambayo iliisha na Krismasi. Mteja anakuja na simu ananionyesha: "TV imesema hivi." Basi akanunue kwa TV! Halafu juzi mvua iliponifurikia kibanda walikuja na kamera, wakachukua picha za vitunguu vyangu vikielea, hata hawakunisalimia. Jioni nikajiona kwa habari chini ya maneno "wafanyabiashara walia". Sikulia mimi. Nilikuwa natukana.

Boda_wa_Khayega: Mama, ile ya vitunguu niliiona pia 😂 Ulitukana vizuri, walizima sauti.

Mama_Mboga_Amalemba: Wangeiacha. Ndiyo ilikuwa habari yenyewe.

Mtoto_wa_Kondele: Nyinyi wa Kakamega mnalalamika na TV inawafikia? Huku Kisumu kuna moja kila ukifungua ni mazishi. Asubuhi mazishi, mchana mazishi, usiku marudio ya mazishi ya asubuhi. Nimeomboleza watu nisiowajua mpaka nimeanza kuwakosa. Gugu maji limefunga ziwa, wavuvi wa Dunga wamekaa ufuoni na boti, hakuna kamera. Lakini mtu akifariki akiwa na mabati mazuri kwake, wanafika kabla ya jamaa.

Jirani_wa_Bukhungu: Nyinyi mazishi ndiyo mchezo wenu wa kitaifa, acheni kelele.

Mtoto_wa_Kondele: Mchezo wetu wa kitaifa ni mpira, ni K'Ogalo, Gor Mahia yetu. Wenu ni kuhesabu miaka tangu Ingwe, AFC Leopards yenu, ichukue kombe.

Boda_wa_Khayega: Hapo umeingia pabaya, bwana. Ingwe ilianzishwa 1964, nyinyi mkaja 1968. Heshimu waliokutangulia mezani.

Mjukuu_wa_Shinyalu: Wanakijiji, turudi kwa pembe. Nataka tuandike barua kwa Mamlaka ya Mawasiliano, na nyingine kwa tume ya malalamiko ya Baraza la Vyombo vya Habari. Nani alinakili kipindi cha leo? Nataka ile sekunde ya mkono.

Fundi_wa_Ving'amuzi: Kunakili unahitaji king'amuzi chenye tundu la flashi. Ninavyo. Pia kama chaneli zako zimepotea tangu mvua ya juzi, ingia kwa mipangilio, futa zote, tafuta upya. Antena ielekezwe kwa mnara, si kwa jirani.

Mama_Mboga_Amalemba: Fundi, yangu inaonyesha picha bila sauti. Ni antena?

Fundi_wa_Ving'amuzi: Hiyo ni waya wa nyuma, mama. Ule mwekundu. Uchomoe, uufute, urudishe.

Mwalimu_Mstaafu: Mjukuu, barua nitakusaidia kuiandika. Nitaongeza aya moja kuhusu mizani.

Mjukuu_wa_Shinyalu: Mwalimu, shukrani, lakini barua ni ya pembe. Mzee amekaa nyumbani, hajaongea na mtu tangu arudi, na kesho ana kazi ya kupuliza arusini. Naomba tusimpoteze hapa katikati ya waya mwekundu.

Jirani_wa_Bukhungu: Sasa hapo kwa mzee kunyamaza nimekuhurumia, kusema kweli. Mwambie kesho apulize, nitakuja na familia. Lakini mtangazaji bado namtetea, ana mdomo mzuri.

Boda_wa_Khayega: Ana mdomo, hana masikio. Alinihoji stejini kuhusu bei ya mafuta, nikajibu, akasema "ahsante kwa hayo kuhusu barabara".

Mtoto_wa_Kondele: Kwani huko kwa arusi kutakuwa na kuku?

Mama_Mboga_Amalemba: Arusi ya Kimaragoli ama ya Kiisukha? Kuku ataonekana kote, tatizo ni ugali utakaonyimwa ukichelewa.

Mtoto_wa_Kondele: Natoka Kondele alfajiri basi. Nibebe samaki?

Boda_wa_Khayega: Beba. Ukifika Khayega nipigie, nakufikisha kwa bei ya wageni.

Mama_Mboga_Amalemba: Fundi, nimechomoa ule mwekundu, sasa hata picha imeenda.

Fundi_wa_Ving'amuzi: Mama, umechomoa wa stima?